Mfereji Uliopanda Kilima

Barua ya semina ilifika wiki ile ile vitunguu vya watu wa mkiani vilipolala chini. Ilisema wakulima wote wa mwisho wa mfereji wahudhurie mafunzo ya siku tatu kuhusu matumizi bora ya maji shambani. Bi Mwiko aliisoma akiwa amesimama katikati ya shamba lake, udongo umepasuka kiasi kwamba kidole kingezama kwenye ufa. Alipomaliza aliisoma tena. Kisha akacheka, na jirani yake, Mama Pacha, alisema baadaye kwamba afadhali angelia.

"Wanatuita tukafundishwe kutumia maji vizuri," Bi Mwiko alimwambia.

"Maji yapi?"

 Bi Mwiko aliikunja barua, akaisokomeza kwenye mfuko wa gauni.

Alikuwa fundi mwashi, pengine mwanamke pekee wa kazi hiyo katika bonde zima. Alijifunza kwa marehemu mumewe, kwanza kwa kumkorogea zege, mwishowe kwa kumsahihisha. Mkono wake ulijulikana. Ukuta wake hauna tumbo wala hauna kibyongo, na hata waliomcheka kuona mwanamke kapanda jukwaa la ujenzi walikuja kumwita wao wenyewe nyumba zao zilipoanza kupinda. Kwa hiyo mradi wa umwagiliaji ulipofika kijijini, jina lake liliandikwa mapema.

Kabla ya mradi kulikuwa na mfereji wa udongo, uliochimbwa kwa majembe na babu zao. Ulivuja, ulizibwa na magugu, na kila mwaka watu walishinda siku kadhaa matopeni wakiuzibua huku wakitukanana. Lakini ulifika mkiani. Katikati ya mashamba kuna mgongo wa ardhi, mwinuko mpole ambao mgeni hauoni, na mfereji ule wa zamani uliuzunguka kama mtu anayemzunguka ng'ombe aliyelala, ukatokea ng'ambo. Injinia wa mradi aliona mzunguko huo ni upotevu wa saruji. Alichora mstari ulionyooka, moja kwa moja juu ya mgongo, na mfereji wa babu akaamuru ufukiwe kwa katapila.

Siku ujenzi ulipofika pale mwinukoni, Bi Mwiko alitoa mpira wake wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi huujaza maji ili kujua wapi ni juu na wapi ni chini. Maji ndani ya mpira hayana mjomba wala shangazi. Ncha hii na ncha ile yanasimama sawa. Alipima mara tatu. Sakafu ya mfereji pale mgongoni ilikuwa juu kuliko sakafu ya kule maji yanakotoka, kwa shubiri nzima na vidole vinne. Akaweka mwiko chini, akamwendea injinia.

Injinia hakumkaripia. Hilo nalo lilimuuma baadaye, maana anayekukaripia angalau amekusikia. Alitabasamu chini ya kofia yake ngumu, akasema, "Mama, hapa pamepimwa kwa mashine," akamshukuru kwa kuijali kazi, akaingia kwenye gari.

Bi Mwiko akaenda kwa kaka yake. Kaka yake ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, mkubwa wake kwa miaka minane, aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Ndiye pia aliyemwombea kazi ile ya mradi. Alimsikiliza akinywa chai, hakubisha hata neno moja. Aliamini, Bi Mwiko aliliona hilo usoni mwake. Lakini alimwambia kwamba watu hawa wakiudhika wataondoka, na wakiondoka kijiji kitabaki na nusu mfereji. "Nyamaza kwanza, mdogo wangu. Wamalize."

Akanyamaza. Alirudi akaujenga mfereji unaopanda kilima, akaupiga plasta laini ya kupitisha kiganja, kwa sababu mkono wake haukujua kufanya kazi mbovu. Kati ya yote yaliyomkosesha amani miezi iliyofuata, hilo ndilo lililomkaa kooni.

Siku ya uzinduzi mto ulikuwa umefura kwa mvua. Maji yalijaa mfereji hadi ukingoni, yakauvuka mgongo kwa wingi wake tu, yakafika mkiani yakiwa yamechoka. Wageni wakapiga makofi. Picha zikapigwa. Kaka yake akatia saini karatasi ya kupokea mradi, akapeana mikono na kila aliyevaa tai. Mvua zilipokatika, maji yakafika chini ya mgongo, yakatuama hapo hapo, yakamwagikia mashamba ya juu ambayo tayari yalikuwa yameshiba. Watu wa mkiani wakabakiwa na mbu.

Walilalamika. Bwana umwagiliaji, ofisa wa mradi, alikuja mara moja tu, akatazama kupitia dirisha la gari, akaandika kwamba wakulima wa mwisho wa mfereji hawaufanyii usafi. Baada ya hapo ndipo ikaja barua.

Walikwenda wote, kwa sababu majina yangeitwa. Semina ilikuwa kwenye darasa la watoto wadogo, na watu wazima walijikunja kwenye madawati, magoti yamegusa videvu. Mwezeshaji alikuwa dada mpole aliyebandika ubaoni picha ya mkulima mnene anayecheka kando ya nyanya zilizorowa. Aliwafundisha kutomwagilia jua linapowaka. Aliwafundisha kwamba maji ni haba na hayafai kuchezewa. Mzee mmoja ambaye mahindi yake yalikufa yakiwa magotini aliandika kila kitu kwenye daftari, kwa bidii, kama mtu wa mtihani. Bi Mwiko alimtazama yule mzee akihangaika na kalamu.

Siku ya kwanza alijizuia. Siku ya pili injinia mwenyewe alikuja, akakaa mbele pamoja na kaka yake, na mwezeshaji akauliza kama kuna mwenye swali. Bi Mwiko akasimama.

"Sina swali," alisema. "Mimi ndiye niliyejenga ule mfereji. Nawaambia unapanda kilima. Niliwaambia saruji ikiwa mbichi, nikaambiwa kuna mashine. Sasa hiyo mashine ije hapa itufundishe namna ya kubana maji ambayo hatuna."

 Injinia alieleza, kwa upole ule ule, kwamba hoja za kiufundi zina utaratibu wake: huandikwa, hupitia kwa mwenyekiti wa kamati, hupelekwa ofisini, na huangaliwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Bi Mwiko alimjibu kwamba mpira wa maji uko ndani ya kikapu chake na mgongo uko mwendo wa robo saa kwa miguu. Hakuinuka mtu. Dada mwezeshaji alimtazama injinia, kisha akazitazama picha zake.

"Kaa chini," kaka yake akasema. "Unatuaibisha."

Hakukaa. Alichukua kikapu, akatoka. Nyuma yake alisikia dawati likikwaruza sakafu, la Mama Pacha, kisha la pili, kisha mengi kwa pamoja. Yule mzee alitoka wa mwisho. Daftari aliliacha juu ya dawati.

Kesho yake asubuhi Bi Mwiko alikuwa chini ya mgongo na nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kuvunjia zege. Mpango wake ulikuwa mfupi: kutoboa ukuta wa mfereji kabla ya mwinuko, kufukua mfereji wa babu uliozunguka, na kuyarudisha maji kwenye saruji ng'ambo, ambako sakafu inashuka. Watu wa mkiani walikuja na majembe, wengine na sululu. Hawakuimba. Mtu akichoka alimpa mwenzake jembe bila kusema.

Kaka yake alifika jua likiwa limepanda. Alipita katikati ya watu, akakaa juu ya ukuta, pale pale dada yake alipokuwa amechora alama kwa mkaa.

"Ukivunja hapa watanishika mimi," alisema. "Saini ni yangu."

"Ulisaini nini, kaka?"

"Kwamba maji yamefika."

"Yalifika?"

Alifuta jasho shingoni. Alisema alidhani wakipokelewa vizuri watarudi kurekebisha. Alisema mtu hawezi kumwaibisha mgeni mbele ya wakubwa wake halafu ategemee msaada. Yote aliyasema akitazama majembe, si uso wa dada yake.

"Ungekuwa hukujua, ningekuonea huruma," Bi Mwiko akamwambia. "Lakini nilikuja kwako nikakueleza, na ukaniamini. Sogeza mguu."

Hakuusogeza. Bi Mwiko akaweka tindo kiganja kimoja kutoka kwenye paja la kaka yake, akapiga. Vipande vya saruji viliruka vikamgonga kaka yake kwenye suruali. Akapiga tena. Ilikuwa kazi nzuri, yake mwenyewe, na ilikataa kuvunjika. Kila pigo lilimrudia mpaka begani, na kila lilivyomrudia alizidi kukasirika, kwa injinia, kwa mwanamume aliyekaa mbele yake, na kwa ile plasta laini. Ufa ulipofika chini ya makalio yake, kaka yake aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaondoka. Baada ya hatua kumi aligeuka.

"Nimeshawapigia simu ofisini," alisema. "Afadhali wasikie kwangu."

Waliendelea kuchimba siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka adhuhuri. Maji yalipoachiwa yaliingia kwenye mfereji wa babu yakiwa mazito kwa tope, yakazunguka mgongo, yakaanguka kwenye saruji ng'ambo kwa sauti ya mtu anayepiga kidoko cha ulimi. Mama Pacha aliyafuata kwa miguu mpaka shambani kwake. Vitunguu vyake vilikuwa vimekwisha kufa. Aliyaacha maji yapite tu juu ya vitunguu vile. Alikaa chini kwenye tope akayatazama.

Gari la ofisi lilimkuta Bi Mwiko akiosha nyundo. Walimpeleka mjini, kwenye chumba chenye feni isiyozunguka na mafaili yaliyopangwa sakafuni kwa kukosa kabati. Mkuu wa ofisi alikuwepo, na injinia, ambaye siku hiyo hakutabasamu. Bi Mwiko aliandaliwa kiti. Aliletewa soda. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, soda ikamchanganya, mpaka alipopewa karatasi ndipo akaelewa. Iliandikwa kwamba marekebisho madogo ya kiufundi yamefanywa na mafundi wa kijiji chini ya usimamizi wa injinia. Alitakiwa kusaini tu, arudishwe nyumbani.

"Hapa andikeni kwamba mfereji ulipanda kilima," alisema.

Mkuu alimweleza kwamba hiyo si lugha ya ripoti.

"Basi andikeni nimevunja mali ya mradi, mnishitaki."

"Mama, hakuna anayetaka kukushitaki."

"Mimi nataka," Bi Mwiko akasema. "Nataka nisimame mbele ya hakimu aniulize kwa nini nilivunja. Mpira wangu wa maji nitakuja nao."

Walimwacha pale mpaka jioni, soda ikapoteza gesi. Walimrudia mara mbili, mara moja kwa upole na mara moja kwa vitisho, kisha wakamwambia aende. Gari la kumrudisha halikupatikana. Alipanda lori la mchanga, akafika kwake ametapakaa vumbi, na karatasi akiwa hajaigusa.

Haikusaidia kitu. Baada ya majuma matatu bwana umwagiliaji alikuja kubandika kibao kando ya ule ukuta uliovunjwa, kikisifu marekebisho ya mradi. Mama Pacha alimuuliza nani alisaini. Yule bwana akafungua faili, bila hata hila, akamwonyesha: mwenyekiti wa kamati ya maji.

Bi Mwiko aliambiwa akiwa kazini. Alikuwa akijengea lile tundu kingo za mawe, maana maji yalikuwa yameanza kulila, na aliendelea mpaka akamaliza. Msimu huo watu wa mkiani walipanda upya, wakavuna kiasi, wakaanza kugombania zamu za maji kama walivyogombana enzi za udongo. Kibao hakuking'oa. Watu wengine walitaka, akawakataza. Alisema wakiking'oa wataletewa semina nyingine.

Kaka yake hupita njia ile akienda kwenye vikao. Bi Mwiko humwamkia shikamoo, kwa sababu ni mkubwa wake na ndiye aliyemlea, naye hujibu marahaba, husimama kidogo, huulizia afya ya watoto. Bi Mwiko huwa ameshainama tena, anachota tope kwa mwiko na kulirusha ukingoni, na baadhi ya siku tope hilo huanguka karibu mno na viatu vya kaka yake.