Kaka wa Kabatini

Nyumbani kwa fundi mapazia hapakuwa na kabati hata moja. Nguo zake zilining'inia kwenye bomba la chuma, nyuma ya pazia la kitani. Vyombo vilikaa kwenye rafu, nyuma ya pazia fupi la maua. Hata chooni, Mungu amsitiri, palikuwa na pazia zito lililoshonewa vyuma kwenye pindo lisipeperuke, maana mlango alishaung'oa mwenyewe kwa bisibisi. Wageni walidhani anatangaza biashara. Aliwaacha wadhani hivyo. Utamwelezaje mtu kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye cherehani tatu na wafanyakazi wawili, anaogopa mlango?

Woga huo ulikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kaka yake alitengeneza filamu ya kutisha kwa kamera ya kuazima na kichwa chake kigumu. Akaiita Kabati la Mjane. Fundi ndiye aliyecheza msichana anayefungiwa kabatini na mzimu wa mjane, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuamka alfajiri siku kumi na nane mfululizo. Na kaka hakuwa mtu wa kukataliwa. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea, akamfulia sare za shule, akamsuka nywele vibaya mpaka wenzake wakavunjika mbavu.

Siku ya kupiga picha za kabatini, komeo lilikwama. Ndivyo alivyoambiwa. Mle ndani mlikuwa na giza, vumbi na harufu ya dawa ya nondo, na pumzi zilipoanza kumwishia alisahau filamu, akasahau maneno yake, akapiga kelele iliyomtoka tumboni kabisa: "Kaka! Kaka, nifungulie!"  Alipotolewa, kaka alimkumbatia, wakalia wote wawili.

"Tumehangaika na hilo komeo, mdogo wangu," alimwambia. "Tumehangaika, we acha tu."

Aliamini. Angeachaje kuamini?

Sasa kasheshe ni kwamba msichana wa kwenye filamu hana kaka. Ni mtoto wa pekee, na linasemwa waziwazi dakika ya tatu. Fundi aliona haya kwamba ameharibu kazi, lakini kaka aliiacha kelele kama ilivyo, na mashabiki wakaiokota. Miaka ishirini na sita wamebishana: huyo kaka ni nani? Wengine wakasema ni mzimu wa pili. Wengine wakasema msichana ndiye mzimu, sisi watazamaji ndio kaka zake. Watu wazima, wenye familia zao, wakanuniana kwa ajili hiyo. Fundi alikuwa akiwasikia, anaendelea kukata kitambaa.

Halafu kampuni moja kubwa ikanunua haki, ikatengeneza filamu upya. Katika toleo hilo jipya msichana amepewa kaka kabisa, pacha wake, aliyefia kabatini utotoni. Hapo ndipo moto ulipowaka. Chama cha mashabiki kikaitisha mkutano, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa ghorofa ya chini wa jumba la mikutano, wageni rasmi wakiwa mwongozaji wa filamu ya kwanza na dada yake.

Njiani, ndani ya gari, kaka alimwekea mkono begani. Mvi zilikuwa zimemjaa. Kwenye toleo jipya jina lake lilitokea mwisho kabisa, kwa herufi za sisimizi, baada ya majina ya madereva.

"Wakiuliza habari ya sehemu ya pili, we sema ndiyo tu," alimwambia. "Mimi na wewe na kabati letu. Nikifa bila kuifanya hiyo, nitakuwa nimekufa na kiu."

"Kabatini tena, kaka?"

"Safari hii komeo nitaliangalia mwenyewe."

Miaka yote alikuwa akikwepa ombi hilo. Siku ile alimwangalia kaka shingo ilivyokonda ndani ya kola, akajikaza, akasema ndiyo.

Sasa alikuwa ameketi jukwaani, kaka kulia kwake, kushoto kwake mwenyekiti wa chama, mwalimu wa hesabu aliyekuwa ameitazama filamu mara mia moja na kumi na nne na kuziandika zote tarehe. Watu walijaa hadi kwenye ngazi za jukwaa. Madirisha yote yalikuwa yamefunikwa mapazia meusi, na hakuweza kumlaumu mtu kwa hilo, maana alikuwa ameyashona yeye mwenyewe, pindo mara mbili, mwanga usipate pa kupenya. Nyuma yake, karibu kiasi cha kulinusa, lilisimama kabati lenyewe. Kaka alikuwa amelitunza stoo muda wote huo.

"Toleo jipya wamelitafuna, wakalitema!" alisema muuza vipuri mmoja, mikono hewani. "Kila kitu wanakueleza. Mzimu anaelezwa! Ukishajua mzimu alisoma shule gani, utamwogopea nini?"

"Wewe unapenda la zamani kwa sababu ulikuwa kijana," alimjibu binti mmoja mwenye miwani. "Mzimu wenu alikuwa shuka. Tena lenye kiraka, mimi nimekiona. Hawa angalau wametuambia kaka ni nani."

"Hawakutuambia, wametubambikia!"

"Na sehemu ya pili je?" mwingine akadakia. "Sehemu za pili hazina jema. Mtu kashatoka kabatini, anarudi kufanya nini? Kasahau kanga?"

Ukumbi ulicheka. Fundi naye alicheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri kuliko yote. Halafu akahesabu viti baina yake na mlango. Ishirini na mbili, na kila kimoja kina mtu.

Mwalimu aliinua mkono, watu wakatulia.

"Mimi nina ushahidi kwamba la kwanza halitapata mpinzani," alisema. "Kampuni ilipotoa toleo jipya, ilisafisha na lile la zamani. Kanda tulizokuwa nazo zilikuwa zimekatwa picha kwa chini. Hii ni nzima. Tazameni."

Taa zikazimwa. Kwenye skrini akatokea fundi mwenyewe, miaka kumi na tisa, vidole vimejitokeza katikati ya vibao vya mlango wa kabati, macho yamemtoka. Kelele yake ikajaza ukumbi. Kaka! Kaka, nifungulie! Fundi alishika kingo za kiti. Kamera ilitikisika, ikashuka kidogo, na hapo Mwalimu akaisimamisha.

"Chini kushoto. Mnaona komeo? Mnaona na kilicho juu ya komeo?"

Ulikuwa mkono. Kidole gumba kimefungwa kitambaa cheupe, chenye fundo la mkia mrefu, na kimelikandamiza komeo kwa nguvu mpaka ukucha umebadilika rangi.

Lile fundo alilijua. Alilifunga yeye. Asubuhi ile kaka alijikata na msumeno akitengeneza rafu, naye akachana ukingo wa foronya akamfunga, akiwa na haraka, akaacha mkia.

"Hakumwambia!" Mwalimu alisema kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo la maisha yake. "Alimshikia mlango! Ndiyo maana kile kilio hakiigiziki. Mzee, ilikuwa muda gani?"

Taa zikawaka. Watu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi, wanapiga miluzi. Kaka alitabasamu, na fundi akamwona akipima kama akane au ayachukue makofi. Akayachukua.

"Dakika nne," alisema kwenye kipaza sauti. "Mliyoiona ni sekunde arobaini. Nilijua nikivumilia, mwishoni nitapata ninachokitaka."

Nikivumilia! Neno hilo lilimchoma fundi kuliko lile komeo. Aliyevumilia ni yeye fundi, si kaka. Miaka ishirini na sita ya kupanda ngazi hadi ghorofa ya saba na mapazia begani kwa kuogopa lifti. Mchumba aliyeondoka kwa sababu haiwezekani kulala na mtu ambaye mlango wa chumba lazima uwe wazi. Alitaka kusimama aondoke. Makofi yalimbana pande zote kama vile vibao.

"Dada, sema neno," Mwalimu alimsogezea kipaza sauti.

"Yule msichana hakuwa na kaka," fundi alisema. "Mwenye kaka nilikuwa mimi. Nilikuwa namwita huyu."

 Muuza vipuri akaruka, "Hiyo ndiyo filamu!" na ukumbi ukalipuka upya. Simu zikainuliwa. Yule binti mwenye miwani alikuwa akifuta machozi na kuandika. Kila alichosema walikipenda, na hakuna aliyekisikia.

Kaka alimwinamia sikioni. "Hilo neno usilipoteze, mdogo wangu. Tunaliweka kwenye sehemu ya pili."

Mwalimu peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameigeukia skrini, anakitazama kile kidole, na furaha ilikuwa imemtoka usoni.

"Picha! Picha!" watu waliimba. "Dada aingie kabatini!"

Kaka alisimama akafungua kabati. Harufu ya dawa ya nondo ikatoka, ileile. Fundi alijikuta wima. Hakujua kama anaelekea mlangoni au kabatini, ila njia ya mlangoni ilikuwa imezibwa na watu.

"Aingie yeye kwanza," alisema kwenye kipaza sauti. "Atuonyeshe ilivyokuwa."

Ukumbi ulinguruma. Kaka ni mtu wa watu, hajawahi kuwanyima watazamaji kitu. Alicheka, akawapungia mkono, akakunja magoti yake ya uzee, akaingia. Fundi alisukuma mlango. Akasukuma komeo. Lilipita laini, bila kukwama hata chembe.

Akaliwekea kidole gumba.

Vidole vya kaka vilitokea kwenye vibao, vikacheza kwa mzaha, watu wakacheka. Vikaacha kucheza. Mle ndani akakohoa. Kabati likagonga, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili si kwa utani. Fundi alikuwa akiisikia pumzi ya kaka ikigonga mbao, fupi, fupi, na alijua kabisa iko hatua gani. Angeweza kusubiri. Dakika nne ni kitu gani? Watu mia mbili wangemshangilia, na hakuna hata mmoja ambaye angemwambia fungua.

"Mdogo wangu," sauti ya kaka ilitoka, nyembamba, si ya jukwaani. "Nifungulie."

Alifungua hapohapo.

Kaka alitoka ameloa jasho, anaushikilia mlango, macho yake yakimtafuta dada yake. Makofi yalikuwa yakipigwa lakini hakuyageukia.

"Umesikia ilivyo," fundi alimwambia. "Na mimi nimefungua ulipoita mara ya kwanza."

Kaka aliuachia mlango wa kabati.

"Hiyo ndiyo sehemu ya pili," fundi akawaambia watu, akaweka kipaza sauti mezani. "Imekwisha."

Mwalimu alikuwa ameshatangulia, anawasogeza watu kwa viwiko, anawaambia mpisheni, mpisheni jamani. Alimfungulia mlango wa ukumbi akaushikilia wazi kwa mgongo mpaka fundi akapita.