Baridi Isiingie Humu

Mtaani Kikula kila mtu alimwita Placide kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Baba Princesse. Princesse mwenyewe alikuwa amekufa mwezi wa saba wa mwaka uliopita, akiwa na miaka minane, kifua kimembana hadi midomo ikabadilika rangi. Jina likabaki kwa baba yake. Hakuna aliyejua namna ya kumvua.

Tangu maziko yale Placide alikuwa mtu wa tahadhari. Mvua zilipoanza, alichomeka chandarua chini ya godoro kwa mikono yake mwenyewe, hakumwachia mkewe. Redio ilipotaja kipindupindu, hakuna tone lililonywewa nyumbani bila kuchemshwa. Jeancy, kitinda mimba, alipofikia umri wa kuchanjwa surua, baba yake ndiye aliyemshika paja huku mtoto akilia. Kisha baridi ikarudi, ile ya mwezi wa sita na wa saba inayofanya maji ya ndoo yaume meno, na Placide akahisi amekutana tena na yule aliyemwibia.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo. Juu, karibu na bati, palikuwa na matundu ya kupitishia hewa. Placide alipanda kitini akayaziba kwa magunia makuukuu ya madini, akakandika udongo juu yake, akaulainisha kwa kiganja. Chini ya mlango akalaza gunia jingine lililokunjwa. Alipomaliza aliwasha kiberiti katikati ya chumba akautazama mwali. Haukuyumba hata kidogo.

"Baridi isiingie humu tena," alimwambia Cathy, mkewe.

Umeme ulikuwa wa kuja na kwenda. Nyaya nene kutoka mabwawa ya umeme ya Koni na Mwadingusha zilipita juu ya mtaa zikivuma, lakini zilikuwa na safari zao. Kwa hiyo moto wa nyumbani ulikuwa wa mbabula, lile jiko la bati la makaa, na kila mtu mtaani alijua kanuni yake: liwashie nje, ungoje moshi uishe, makaa yakiwa mekundu safi ndipo uliingize. Moshi ndio mbaya. Moshi ukiisha, moto ni rafiki. Placide aliongeza na sufuria ya maji juu yake, kwa sababu mama yake alikuwa akifanya hivyo.

Asubuhi hiyo Cathy alikuwa ametoka mapema kuuza uji na mikate kwenye kituo cha magari. Jeancy alikohoa usingizini, mara moja tu, kikohozi kidogo kikavu, na Placide akainuka papo hapo. Aliwasha mbabula uani, akaipepea kwa subira hadi moshi ukaisha kabisa, akaiingiza na kuiweka karibu na godoro. Akamwamsha Shekina, binti yake wa miaka saba.

"Shekina, minye ninaenda. Funga mulango na kile chuma. Usifungulie muntu mpaka usikie sauti ya mama."

"Hata akisema ni pasta?"

"Hata pasta."

Mtoto akacheka, akafunga. Placide alisimama nje hadi aliposikia chuma kikikaa mahali pake. Kisha akachukua mtaimbo wake, akaenda kazini akiwa ameridhika.

Shimo lao la kuchimba madini lilikuwa ng'ambo ya mji, kwenye kilima chenye mawe ya kijani. Alipofika, mwenzake Floribert alikuwa amekaa ukingoni akila muhogo.

"Baba Princesse! Tulizania bibi amekufunga na kamba ku kitanda."

"Bibi alitoka mbele yangu. Weye njo hauna wa kukufunga."

"Minye? Bananigombania!" Floribert akajipangusa mikono, akachukua kopo la maziwa lililofungwa kamba. Ndani yake aliwasha mshumaa. Hakuna mchimbaji wa kilima kile aliyeshuka asubuhi kabla ya mshumaa kushuka kwanza. Ukirudi unawaka, mnashuka. Ukirudi umezimika, mnakaa.

Kopo likashuka. Nuru yake ndogo ilikwenda ikipungua, ikawa kama jicho la paka, ikafumba.

"Shimo linakatala leo," Floribert alisema.

Placide aliinama akachungulia. Aliona kuta, aliona kamba, aliona giza safi. "Lakini hakuna moshi."

"Moshi ya nini? Jana mangaribi tuliacha makala inawaka kule chini, ile jiwe ngumu ipate moto, ipasuke. Makala imekula hewa yote, imetapika sumu."

"Makala? Minye nilijuaka ni udongo njo unatoaka hii hewa mubaya."

"Udongo nao unatoaka. Lakini makala ni mubaya zaidi. Moshi, unaiona, unakohoa, unakimbia. Hii haiko na moshi, haiko na harufu. Inakulalisha tu." Floribert akacheka kidogo. "Ndugu yangu Numbi walimutoa amekufa, anatabasamu kabisa, ungesema anaota arusi."

Alipogeuka, Placide alikuwa tayari anateremka kilima mbio, mtaimbo mkononi, na mawe yakimfuata nyuma.

Alikimbia bila kuita, kwa maana pumzi ya kuita aliihitaji miguuni. Makaa aliyaingiza yeye. Matundu yote aliyaziba yeye. Udongo aliulainisha yeye kwa kiganja. Gunia la chini ya mlango yeye. Mwali wa kiberiti ulisimama wima, na yeye akafurahi. Kule kilimani wangeona mwali umesimama hivyo wangesema hapa hakupiti hewa. Mambo ya hewa aliyajua yote. Aliyajua kila asubuhi ya kazi yake, kisha akayaacha shimoni kama mtu anavyoacha viatu vya kazi mlangoni.

Barabarani alijitupa mbele ya pikipiki. Dereva, kijana wa Kikasai aitwaye Tshimanga, alifunga breki akitukana. "Weye unatafuta kifo?"

"Kikula! Batoto bangu banakufa!"

Tshimanga hakuuliza tena. Walipita sokoni wakipiga honi, na Placide nyuma yake alikuwa akisema neno moja tu, Bwana, Bwana, Bwana, hadi likapoteza maana.

Mlango ulikuwa umefungwa. Aliupiga kwa viganja.

"Shekina! Ni papa! Fungula!"

Chuma hakikusogea. Mtoto alikuwa ameambiwa asimfungulie mtu, na kwa dakika moja Placide alishikilia tumaini hilo, kwamba anakaa kule ndani akitii. "Shekina, mama ameniambia ufungule! Lamuka! Shekina!"

Mlango ulikuwa wa bati la pipa, aliutengeneza mwenyewe ili wezi wauchoke. Mtaimbo ulitoa kelele tu. Basi akauacha akaugeukia ukuta. Kubomoa alikujua. Alichoma kwa mtaimbo chini ya matundu, mahali tofali linapokutana na tofali, akatekua, akachoma tena. Udongo ule laini aliokuwa ameukandika ukamwangukia machoni.

"Baba Princesse!" Mama Mimi, jirani yao, alitoka na mwiko mkononi. "Sasa unajiibia nyumba yako mwenyewe?"

Kisha akauona uso wake, mwiko ukaanguka.

Tofali la tatu lilipotoka, hewa ya moto ilimgusa Placide usoni, tamu, bila harufu yoyote. Alipanua tundu kwa mikono, akajisukuma ndani, ngozi ya mgongo ikibaki ukutani. Makaa yalikuwa bado mekundu. Jeancy alilala chali juu ya godoro. Shekina hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni, hatua chache kutoka mlangoni, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kile chuma.

Alikichomoa chuma, akawatoa wote wawili, mmoja kila bega, akawalaza uani juu ya udongo mtupu. Umande ulikuwa bado haujakauka. Midomo ya Jeancy ilikuwa na wekundu mzuri, wekundu wa mtoto mwenye afya, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote, kama tabasamu la Numbi. Alimfungua sweta, akamvua na fulana, kisha akamfanyia Shekina vivyo hivyo.

"Unafanya nini?" Mama Mimi tayari alikuwa na blanketi. "Iko baridi! Baingize ndani! Lete maziwa, muwape maziwa!"

"Hapana ndani! Acha bapate hewa!"

"Unataka baridi ibakamate na hawa sawa Princesse?"

Mikono ya Placide ilisimama juu ya kifua cha mtoto. Mwaka mzima alikuwa amepigana na upepo huu huu unaopita uani, na sasa alikuwa akiwalaza watoto wake miguuni pa upepo huo, vifua wazi, akiusihi uingie. Labda alikosea tena. Aliyekosea jana huaminiwa vipi leo, hata na nafsi yake?

Majirani walisogea. Mmoja alimshika Shekina miguu ili amrudishe chumbani. Placide aliinuka na mtaimbo.

"Atakayewaingiza mule, nitamupiga."

Ndivyo Cathy alivyowakuta aliporudi kutoka kituoni na beseni lake kichwani: watoto wake chini, vifua wazi kwenye baridi, na mumewe amesimama juu yao na chuma. Beseni lilianguka.

"Placide, unabaua!"

"Nimebaua tayari," alisema. "Asubuhi. Saidia nibarudishe."

Alipiga magoti akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa Jeancy, akapuliza kidogo, kama anavyopuliza makaa yanayokataa kushika. Akapuliza tena. Cathy aliacha kupiga kelele, akamgeuza Shekina ubavu. Shekina alitapika. Kisha akalia, kilio kibaya cha kukwaruza, na ua mzima ukashusha pumzi. Jeancy hakulia. Lakini puani mwake palikuwa na kitu, uzi mwembamba wa pumzi unaokatika na kuungwa.

Tshimanga hakuwa ameondoka. Aliwapakia wote wanne. Njia nzima hadi hospitali Placide alimshika Jeancy uso ukiwa mbele, kwenye upepo.

Hospitalini waliwawekea oksijeni. Shekina aliomba mkate siku ile ile. Jeancy alifungua macho kesho yake, lakini aliyatembeza polepole, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hakumbuki ni nini. Muuguzi alisema ataishi. Mengine, alisema, wataona akikua.

Walirudi nyumbani jioni ya siku ya tatu. Ukuta ulikuwa na tundu kubwa lililoonyesha mti wa jirani na kipande cha mbingu. Mbabula ilikaa nje, mbali. Cathy aliwalaza watoto na nguo zote walizokuwa nazo, akajilaza kando yao.

Upepo uliingia. Jeancy akakohoa.

Placide aliinuka. Lile gunia la chini ya mlango lilikuwa bado pale, limekunjwa. Alilichukua akaenda nalo hadi kwenye tundu, akalinyanyua.

"Placide," Cathy alisema gizani.

"Minye sizibi."

Alirudi na gunia, akamfunika nalo Jeancy miguu. Kisha akavua koti lake akaliongeza juu, akakaa sakafuni, mgongo kuelekea kwenye tundu, ili upepo umpitie yeye kwanza kabla ya kuwafikia. Ulimpita. Akaukaza mgongo, akatega sikio. Jeancy alikohoa tena, na Placide akaanza kungoja kikohozi kinachofuata.