Mungu Hali Watoto

Nyumba ya Nenzinha ilijaa hadi mlangoni, maana kahawa ilikuwa ya bure na padri mpya alikuwa kijana mwenye sura. Wake wa wakata miwa wa kilimani pale walibanana humo, huyu akimsengenya yule, mpaka Padri Anselmo alipouliza:

"Haya niambieni, watoto wetu wanapokufa, nani anawachukua?"

"Mungu, Padri!" Nenzinha akadakia. "Tena ana macho huyo! Anachagua wazuri, anatuachia hawa wenye makamasi."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Padri hakucheka.

"Mungu hali watoto. Inayowala ni njaa, na njaa hiyo inapikwa kule kiwandani wanakowapunja waume zenu. Mungu anakufa kwa njaa hiyo pamoja na mtoto."

Doralice, pale dirishani, akaacha kunywa. Watoto wake watatu walikwisha kuwa malaika. Wa nne, Toninho, alikuwa nyumbani kwenye kitanda cha wavu, na tangu Jumapili hakuwa amepewa uji. Kilimani hakuna asiyejua: mtoto akilegea shingo na kugeuza macho, ameitwa, kumlisha ni kumvuta mguu aliyekwisha kupanda ngazi ya mbinguni. Nenzinha mwenyewe alimwambia, "Mwachie aende, shoga, usimcheleweshe." Uji ukaenda kwa dada zake, waliotaka kubaki.

"Padri," akasema Doralice, "kama Mungu hakumwita, na mama akamwacha aende... anakwenda wapi?"



Doralice hakungoja jibu. Alikwenda mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Akakoroga uji wa muhogo, akampakata Toninho. Kijiko cha kwanza kilimtokea puani. Kilichofuata kikachuruzika shingoni. Halafu koo likacheza, akameza. Kufika jioni alikuwa anaking'ang'ania kijiko kwa ufizi, akilia apewe kingine.

Nenzinha aliingia bila hodi, akapiga makofi.

"Ala! Mungu kabadili nia! Jeuri huyu, kama babake!"

"Hakubadili. Hakumtaka tangu mwanzo." Doralice hakuinua macho. "Na Lourdes angemeza. Na Tiago angemeza. Na yule mdogo, hata jina sikumpa, angemeza."

"Nyamaza."

"Ni uji tu, Nenzinha. Ulikuwa uji tu."

"Nyamaza, nakwambia! Mimi ninao watano kaburini!"

Nenzinha akamziba mdomo kwa kiganja, akakandamiza mpaka meno yakamchana midomo, wala hakukiondoa. Toninho, kijiko kikiwa kimesimama hewani mbele yake, akaanza kupiga kelele za njaa.