Besi Iliyopimwa kwa Rachenitsa

Mwenye mtoto anayetafuta gitaa la besi asimwache aende dukani peke yake na kulijaribu amekaa kwenye kiti. Nasema hivyo kwa sababu ya mwanangu Ognyan, na nitaeleza ilivyokuwa ili mwingine ajihadhari.

Ognyan alikuwa ameingia bendi ya bai Dobri, yaani kaka Dobri, mpiga kodiani wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Bendi ile inapiga harusi tu, na huku kwetu Trakia, Bulgaria, watu wanakuja harusini kucheza, kula ni baadaye. Besi yake ya zamani ilipasuka shingo, akaenda Yambol kutafuta nyingine. Akarudi na nyeusi, shingo yake laini kabisa, haina vile vichuma vinavyoonyesha kidole kishike wapi. Akanipigia wimbo wa taratibu jikoni. Sauti ilikuwa tamu, inaendelea kuvuma hata kidole kimeshaondoka. Nikaipenda. Nilichopenda zaidi ni kwamba ilikuwa nyepesi, maana mwaka uliopita alianguka kutoka kwenye mcheri akavunjika mfupa wa bega, na daktari akamkataza kubeba vitu vizito.

Jumapili akaenda nayo harusini. Mama wa bwana harusi alishika kitambaa akaongoza safu, kama kawaida. Mwanzo ulikwenda vizuri. Bendi ilipoingia ngoma ya rachenitsa, hatua mbili fupi na moja ndefu, tena za haraka, sauti ya Ognyan ikawa haijaisha na nyingine imeshaipanda mgongoni. Wachezaji hawakujua pa kukanyaga. Mama mkwe akamkanyaga bibi harusi, na safu ikakatika katikati. Safu ya harusi kukatika si jambo ambalo watu hulisahau upesi. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba, akaenda kukaa.

Bai Dobri hakumgombeza mbele za watu. Alisubiri mapumziko, akamwita kando.

"Kijana, hiyo besi ni ya kubembelezea mtoto alale."

"Bai Dobri, dukani ilisikika vizuri."

"Dukani nani alikuwa anacheza?"

Ognyan akaishusha besi begani.

"Jumamosi nakuja kwenu. Tafuta besi nyingine, na tafuta wanawake wa kucheza. Wakikwama, namchukua mpwa wangu. Hajui sana yule, lakini akipiga yeye watu hawakanyagani."

Mwanangu hakula vizuri wiki ile. Hakuwa na bendi nyingine ya kwenda, wala hakuitaka.

Wenye duka walikubali kuichukua ile nyeusi, wakampa nyekundu ndogo, fupi, nyepesi kuliko ya kwanza. Mimi ndiye niliyemshauri achukue hiyo. Jumamosi bai Dobri naye akaja na besi, ya mpigaji wake wa zamani, iliyokuwa imelala stoo. Mbao nene, rangi imebanduka, na chini ya nyuzi mtu alikuwa amesokomeza kipande cha sponji. Ognyan alipoivaa aliinama upande mmoja.

"Huo ni mlango," nikasema. "Bai Dobri, mwanangu ana bega bovu."

"Najua, dada Nedyalka. Na mimi nina harusi kesho."

Tulikuwa wanawake watano uani: mimi, jirani yangu Stanka, Velika na binti zake wawili. Tukashikana mikanda, kila mmoja mkono kwenye kiuno cha jirani, mabega yamegusana. Ukishikana hivyo, mwenzako anaujua mguu wako kabla hujaukanyaga.

Ognyan akaanza na nyekundu, bai Dobri na kodiani. Nilicheza kwa moyo wote ili ifae. Lakini sauti yake ilikuwa nzito na legelege, inafika imechelewa, na miguu ikawa inaingoja.

"Nedyalka, mbona unanivuta?" Stanka akauliza.

"Sikuvuti. Nacheza."

"Unanivuta kama mbuzi wa kupelekwa mnadani."

Bai Dobri akaacha kupiga. Akatafuna mbegu za alizeti, akatema maganda. "Ya pili," akasema.

Ile ya pili sauti yake ilikuwa fupi. Inagonga, inakoma, kama nyundo juu ya kigingi. Hatua chache tu nikajua ndiyo yenyewe. Nikaamua nijikwae, mara moja au mbili, ili isichaguliwe. Nikauchelewesha mguu wa kulia. Stanka akanivuta upande huu, Velika akanisukuma upande ule, mguu ukatua pale pale ulipotakiwa. Nikajaribu tena.

"Wewe leo umepatwa na nini?" Stanka akasema. "Cheza."

Nikacheza. Safu ilizunguka ua wote, ikapita kwenye banda la kuku na kurudi, na hakuna aliyekosea. Ognyan aliposimama, Stanka akamkaripia.

"Usiache, mwanangu, ndiyo kwanza viatu vimeamka."

Bai Dobri akafunga kodiani yake. "Kesho saa tatu, mbele ya kanisa. Usichelewe."

Ognyan akanigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Basi nishonee mkanda mpana."

Nikamshonea, mpana kama kiganja, nikatia sufi ndani. Nafasi yake kwenye bendi anayo hadi leo. Kila Jumatatu namkanda bega kwa rakia ya moto, pombe yetu kali ya matunda, naye anauma meno.

Kwa hiyo, anayetaka besi aijaribu amesimama, pamoja na bendi yake, mbele ya watu wanaocheza kweli. Bega nalo lipimwe kabla mtoto hajaingia bendi, kwa sababu akishaingia hakuna atakayelipima. Daktari anasema mfupa hautashika vizuri namna hii. Ognyan anasema harusi ijayo ni mjini Straldzha, na ni kubwa.