Petroli ya Mama Gradi

Wiki ya harusi ya binti yangu Lerato ilifika na shanga hazijashonwa kwenye gauni. Fundi alikuwepo, gauni lilikuwepo, shanga zilijaa bakuli. Kilichokosekana ni vidole. Baridi ya Julai hapa Randburg ilivigandisha vidole vya fundi hadi sindano ikawa inamponyoka.

Fundi huyo ni Victorine, Mama Gradi, mtu wa Bukavu, Kongo. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa hapa Johannesburg. Alishonea kwenye garaji letu kwa sababu chumba chake hakina nafasi ya gauni lenye mkia. Gari tulilitoa nje. Hita ya umeme tulijaribu: ukiiwasha pamoja na pasi, swichi kubwa inaanguka na nyumba nzima inazimika. Tena ulikuwa mwaka 2015, hata swichi isipoanguka, umeme ulikatwa kwa mgao.

"Harusi ni Jumamosi, Mama Gradi. Leo Jumatatu."

"Kalenda ninaiona, Mama Lerato. Vidole ndiyo sivisikii."

Mumewe Marcellin, mlinzi wa jengo moja Marshalltown, alituletea hita aliyopewa na mwenzake aliyehama. Ilikuwa ya chuma, tangi chini, utambi juu, maandishi yote yamebanduka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na macho yanajifunga.

"Inakunywa petroli," alisema. "Lita tano zitawatosha." Akaenda kulala.

Sikuuliza zaidi. Nilichukua dumu la chuma la mashine ya kukatia majani, nikaenda kituo cha mafuta, nikarudi, nikafungua kifuniko cha dumu nimimine. Mama Gradi, aliyekuwa upande wa pili wa garaji, alisikia harufu, akainua kichwa kama aliyeitwa.

"Umeleta nini?"

"Petroli."

"Hii si petroli! Hii ni esanse!"

"Esanse ndiyo nini?"

"Ya motokari! Unataka kutuchoma pamoja na gauni?"

"Mume wako si kasema petroli?"

"Ndiyo, petroli! Petroli ya taa!"

Nilifunga kifuniko, nikatoa dumu nje kwanza, nikafungua mlango wote hewa ipite. Mabishano tulimalizia uani. Kwao petroli ndiyo kile ambacho sisi tunakiita mafuta ya taa na watu wa hapa wanakiita parafini. Kitu kimoja, majina matatu. Tatizo ni lile jina moja lenye vitu viwili, kimoja cha kukupasha joto, kingine cha kukuondolea paa.

"Ninyi Watanzania munajivuna Kiswahili ni chenu," Mama Gradi alisema, "na petroli hamuijue."

"Na ninyi mngetuzika kwa Kiswahili chenu."

Alicheka hadi akashika ukuta. Nilicheka pia. Petroli niliimimina kwenye gari. Dumu lile sikulitumia tena kwa hita, maana petroli kidogo tu inayobaki ndani ikichanganyika na parafini inatosha kuleta moto. Nilinunua dumu jipya, nikalijaza parafini kwenye spaza, kile kiduka cha jirani.

Hatukuiwasha ndani. Tuliiwasha uani, tukatundika kipande cha satini ya gauni kwenye kiti kando yake, tukanywa chai tukisubiri. Chai ilipokwisha nilikinusa.

"Kinanuka."

"Hakinuki."

"Mama Gradi, kinanuka."

"Mimi nimekulia kwenye taa ya utambi. Pua yangu usiiulize."

Jioni Lerato alirudi kutoka kazini Braamfontein. Nilimpa kitambaa bila maelezo.

"Eish, Mama. Jiko la bibi kule Songea."

"Ni vibaya?"

"Kwa jiko la bibi, vizuri. Kwa kanisani, hapana. Watu watadhani nimejipikia harusi mwenyewe."

Basi parafini nayo ikaondoka kwenye hesabu. Ilibaki gesi, na hita ya gesi tulikuwa nayo moja tu, sebuleni, mbele ya miguu ya mume wangu Samwel. Niliifunga, ikapoa, nikaisukuma kwa magurudumu yake katikati ya taarifa ya habari.

"Na mimi?" Samwel aliuliza.

"Una koti."

"Hii ni nyumba yangu."

"Na anayeolewa ni binti yako."

Alinisaidia kuivusha kizingiti.

Gesi inakula hewa ya chumba. Kwa hiyo niliinua mlango wa garaji kiasi cha shubiri, nikafungua na dirisha dogo la nyuma. Mama Gradi alilalamika kwamba naingiza joto huku na kulitoa kule. Nilimwambia bibi harusi anahitaji fundi aliye hai. Gesi pia inatoa unyevu. Vioo vilianza kutoa jasho, nikasogeza gauni mbali na dirisha na mbali na moto, nikalifunika shuka, likabaki wazi pale tu panaposhonwa.

Baada ya muda Mama Gradi alinyoosha mikono, akakunja kidole kimoja kimoja, akashika sindano. Haikumponyoka. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na shanga zikaanza kupanda kifuani mwa gauni.

Kesho yake jioni Samwel aliingia na kiti na blanketi.

"Nimekuja kuangalia gesi kama inavuja."

"Haivuji, nimeipima kwa povu la sabuni."

"Basi naiangalia vizuri."

"Muache, Mama Lerato," Mama Gradi alisema, akampa bakuli. "Baba, tenga kubwa na ndogo." Mzee wangu akatenga shanga hadi saa ya kula, bila kuulizia taarifa ya habari.

Alhamisi Lerato alipanda juu ya sanduku, gauni mwilini.

"Inua mikono," nilimwambia. Aliinua. Hakuna uzi uliokatika, hakuna shanga iliyodondoka. Niliinamia bega lake nikanusa: satini mpya na sabuni yake ya kuogea, basi. Nilimgeuza mara mbili, nikijificha nyuma yake ili Mama Gradi asinione uso.

"Sawa. Vua kabla hujalimwagia chai."

Nilipoinama kuzima gesi, Mama Gradi alinishika mkono.

"Acha kwanza. Nguo yangu ya kuvaa harusini sijaikata hata."