Birika la Shemeji

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la shemeji yangu lilikuwa baya kupita methali: hata kujitembeza lilikuwa haliwezi mpaka lisukumwe.

Mwenyewe aliliita Risasi. Mtaa uliliita Birika, maana likikanyagwa mafuta lilitoa mluzi mwembamba kama birika lililosahauliwa jikoni. Gari dogo, milango mitatu, jekundu pale rangi ilipobaki. Lilikuwa na tabo, lile konokono la chuma linaloisukumia injini hewa ili kagari kadogo kakimbie kama kameiba. Enzi zake lilikimbia kweli. Enzi hizo shemeji naye alikuwa na nywele.

Kazi yake ni udalali wa nyumba, na amemuoa mdogo wangu. "Dalali akifika kwa miguu, mteja anaomba punguzo," ndivyo alivyomtuliza mkewe siku alipolileta nyumbani. Tangu hapo wateja wake wameona nyumba chache na gereji nyingi.

Mimi nauza spea zilizotumika, kwa hiyo Birika nilikuwa nalijua kuliko linavyojijua. Lilishabadilishwa klachi, pampu ya maji, koili zote na shokapu za mbele. Bei ya klachi peke yake ingeezeka banda la kuku na kununua kuku wa kulala humo. Tena spea zake hazipatikani kwa kutaja jina la gari tu. Unataja mwaka, unataja namba ya injini, unalipa, unasubiri, sanduku linafika, na kilichomo kinaingia kila mahali isipokuwa pale kinapotakiwa. Shemeji alipenda hivyo. Kwa kinyozi, wenzake wakilalamikia bei ya unga, yeye alilalamikia bei ya koili huku meno yote nje. Wengine hujivunia watoto; huyu alijivunia magonjwa.

Asubuhi moja akaingia kwangu na Birika linakohoa, moshi mweusi nyuma, mluzi umepanda mpaka mbwa wa jirani akaanza kuujibu.

"Shemeji, tabo imekufa."

"Poleni na msiba. Mazishi lini?"

"Acha masihara. Gari halivuti. Nipe tabo nyingine, nzima. Malipo nimekuja nayo."

Akafungua buti. Ndani, imeviringishwa shuka la kitandani, imelala ovaloki ya mdogo wangu, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Mdogo wangu alikuwa amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Sare bila ovaloki ni nyuzi zilizopatana kwa muda.

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua. Nikishafunga tabo nikapata mteja mmoja tu mzito, namnunulia mbili."

"Atafurahi. Mpaka hapo atakuwa anashonea meno."

"Wewe unaitaka au huitaki?"

"Fungua boneti kwanza."

"Kwani wewe fundi?"

"Kwani wewe tajiri? Kila mtu anajaribu."

Akakanyaga mafuta. Mimi nikapitisha kiganja juu ya mpira unaotoa hewa kwenye tabo. Chini, upande usioonekana, upepo ukanipiga mkononi, na nilipoziba kwa kidole mluzi ukanyamaza. Nikaondoa kidole, ukarudi. Nikamfanyia mara tatu, kama anayemfundisha mtoto filimbi.

"Umeona? Mpira umepasuka. Hewa yote inamwagika nje. Mwingine ninao pale ukutani, bei yake ni bei ya kunyoa. Kwa kichwa chako wewe, hata kunyoa ni hasara zaidi."

Nilidhani atacheka. Akanuna kama mtoto wa mfalme aliyeambiwa ana upele.

"Gari kama hili liumwe mpira? Mpira! Huo mluzi ndiyo sauti ya tabo, kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi? Kinyozi?"

"Usinifanyie gari langu kama baiskeli. Nimesema tabo. Kama hutaki biashara, duka la ng'ambo ya barabara wanaitaka mashine."

Akabamiza buti. Na hao wa ng'ambo nawajua: wangemuuzia hata tabo ya jiko la mkaa, na ovaloki ingekuwa imeshapata bwana mwingine kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimeshazichomoa funguo zake garini, sijui nizimeze au nizitupe darini, pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka mdogo wangu, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Umejuaje niko hapa?" shemeji akauliza.

"Nimeuliza njiani tu, Birika limepita wapi? Hata kipofu mmoja amenyoosha kidole." Hakupaza sauti. "Baba watoto, mashine yangu."

"Mke wangu, hebu nikueleze..."

"Utanieleza nikiwa nashona. Kaka, hili gari linaumwa nini?"

"Mpira."

"Bei?"

Nikamtajia. Akafungua kipochi, akanilipa palepale. "Funga."

Nikafunga. Shemeji akaenda kulijaribu hadi mwisho wa barabara, akarudi amekunja uso kama aliyetoka kuzika.

"Linavuta," akakiri. "Linavuta vibaya sana. Lakini halilii. Sasa mteja atajuaje nimefika?"

"Utabisha hodi," akasema mkewe, "kama watu."

Shemeji akanivuta pembeni. "Huna kampira kenye tundu? Kadogo tu?"

Mdogo wangu akauokota ule uliopasuka, akautia mkobani. "Huu nautunza mimi. Siku ukibeba tena kitu changu, nitakuvisha shingoni kama kengele ya mbuzi."

Buti hakuliamini tena. Akakaa kiti cha nyuma, ovaloki mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki, wakaondoka. Kimya kabisa. Mbwa wa jirani akainua masikio, akakosa wa kumjibu.

Walipokaribia kwa kinyozi nikamwona shemeji anateremsha kioo, anachomoza kichwa, anabinua midomo. Akapiga mluzi kwa kinywa chake mwenyewe. Na huo nao ulivuja.