Nyuki wa Walburga na Mabwana Wao

"Huyu naye ana vichwa vingapi?" Walburga aliuliza, amekinga jua kwa kiganja. Juu ya ngazi, seremala alikuwa akigongomelea nembo ya tai mweusi wa Prussia kwenye mlango wa baraza la kijiji.

"Kimoja tu, mama. Wale wenye viwili walikuwa Waaustria."

"Afadhali. Kichwa kimoja hula kidogo."

Watu wakacheka. Hapo kijijini Niederlauch walikwishawazoea wageni wa aina hii. Zamani alitawala abate, mkuu wa watawa wa monasteri. Wafaransa wakaja wakamtimua. Wakafuata Waaustria na Wabavaria kwa pamoja, hata hawakukaa sawasawa, na sasa mfalme wa Prussia. Mizabibu ilikuwa ile ile, na mto Moseli ulizidi kujipinda chini ya ukungu kana kwamba hakuna aliyeuarifu.

Nyuki, wao waliarifiwa. Huko mwenye nyumba akifa, nyuki lazima waambiwe: unagonga mzinga, unataja aliyekufa na aliyeshika nafasi yake. Usipowaambia, hufa au huhama. Lorenz, marehemu mume wa Walburga, alikuwa mtu wa mizaha, akawa anawapasha hata habari za watawala. Alipokufa yeye, Walburga aliwaambia nyuki kwamba bwana wao sasa ni Veit, mwanawe wa pekee. Haukupita muda, Wafaransa wakamtia Veit jeshini na kumpeleka Urusi.

Sasa Walburga alishuka bustanini, akagonga mzinga wa kwanza, uliosukwa kwa majani makavu. "Wanangu, tumepata mfalme. Yuko mbali, hana neno na nyinyi."

Kimya. Mzinga wa pili nao kimya. Wa tatu tu ndio ulivuma, tena kwa unyonge.

Jirani yake, Apollonia, alikuwa ameegemea ua. "Wafalme wote unawatangaza, shoga yangu. Mwenye nyumba je?"

"Mwenye nyumba yuko safarini."

"Walburga! Matthes, aliyerudi kutoka Urusi, alimfunika Veit kwa koti lake mwenyewe, kwenye theluji. Alikwambia jikoni kwako, na mimi nipo."

"Matthes alikuwa na homa."

"Haya, nisiseme. Ila hata nyuki hawa waliobaki watakwenda."

Apollonia akaenda zake. Walburga akaketi kwenye nyasi, maua ya mitufaa yakimdondokea kichwani, usingizi ukamwiba. Akamwona Veit akishuka kati ya mizabibu, koti lake la kijeshi likigeuka rangi kila hatua, la bluu, jeupe, la kijani. Uso ulikuwa ule ule. Alitembea na kutembea, wala hakukaribia.

Alipozinduka, mvumo wa mzinga wa tatu ulikuwa umefifia zaidi. Aliogopa sana. Alihisi kwamba akitamka, yeye ndiye atakuwa amemuua. Akapiga moyo konde, akagonga.

"Veit amekufa," alisema. "Amekufa Urusi, kwa baridi."

Akalia kwa kwikwi, paji la uso limegusa majani ya mzinga. Lakini desturi ilitaka bwana mpya, na yeye hakuwa na mwana mwingine, wala kaka. Akajifuta pua kwa aproni, akagonga tena.

"Mwenye nyumba ni mimi. Walburga. Mnanisikia?"

Mvumo ukapanda kidogo, ukashuka. Nyuki mmoja akatoka, akatua kwenye kiganja chake, akaanza kupanda taratibu kuingia ndani ya mkono wa gauni, naye Walburga hakujitikisa.